Nyumba na Rehani katika Nchi ya Ng'ombe: Habari za Majumba ya Kupangisha, Tarime na Serengeti

Mtu aingiaye mji wa Tarime kwa barabara itokayo Sirari, mpakani mwa Kenya, haoni majumba ya kumshangaza. Aonazo ni nyumba ndefu za matofali zenye milango mingi iliyopangwa mstari mmoja. Kila mlango ni chumba, na kila chumba kina mpangaji wake: mwalimu, askari, muuguzi, fundi cherehani, kijana wa bodaboda. Hapa na pale imesimama nyumba ambayo nondo za nguzo zake zimeachwa zikichungulia juu ya zege, kwa kuwa mwenyewe angali akingojea fedha za ghorofa. Hali ni hiyo hiyo Mugumu, makao makuu ya wilaya ya Serengeti, ila huko baadhi ya wapangaji ni watumishi wa hifadhi na wa hoteli za watalii. Katika makala hii nakusudia kuuliza jambo moja tu: fedha za nyumba hizo zilitoka wapi?

Msomaji aweza kudhani kuwa jibu lajulikana. Katika nchi za Ulaya na Marekani mtu atakaye nyumba ya wapangaji wengi hainunui kwa fedha zake mwenyewe. Hutoa sehemu ya bei, benki ikatoa iliyobaki, na nyumba yenyewe ikawekwa rehani. Huko Marekani jengo lenye makazi ya jamaa watano au zaidi huhesabiwa kuwa mali ya biashara. Mkopeshaji hautazami sana mshahara wa mnunuzi, bali hutazama kodi zitakazokusanywa, akizitoa gharama, apate kujua kama zatosha kulipa deni na kubakiza kitu. Kwa hiyo mnunuzi ni mmoja, lakini wanaolipa deni ni wapangaji. Serikali ya nchi ile iliutia nguvu utaratibu huo tangu mwaka 1934, ilipoanza kuwadhamini wakopeshaji wasipate hasara.

Katika Tarime na Serengeti mambo hayakwenda hivyo. Kwanza, nyumba ya wapangaji ni nadra kununuliwa ikiwa nzima, hujengwa. Na ikinunuliwa, mara nyingi ni kwa sababu mwenyewe ameshindwa na deni, au amekufa na warithi wamegombana. Pili, ijengwapo, benki haimo. Watu wa mabenki husema sababu ni umaskini, nami sikubali. Nchi ile haikukosa mali: ina ng'ombe, ina kahawa ya milimani, ina dhahabu, ina mishahara na viinua mgongo vya askari. Iliyokosekana ni njia ya kuifanya mali ile iwe dhamana machoni pa sheria. Na dhamana ile ambayo sheria iliitaka, yaani ardhi, ndiyo ambayo wenyewe hawakuwa tayari kuitoa. Habari za majumba haya kwa muda wa miaka mia ni habari za kutoelewana huko.

Tuanze na maneno, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Rehani ni neno la Kiarabu, nalo lilikuja bara kutoka pwani pamoja na dhamana, amana na riba. Huko pwani lilikuwa na kazi nyingi. Unguja, katika karne ya 19, wenye mashamba ya karafuu walikopa kwa matajiri wa Kihindi na kuyaweka mashamba yao. Na kwa kuwa dini yakataza riba, mara nyingi deni lilivikwa kanzu ya biashara. Shamba "liliuzwa" kwa sharti kwamba muuzaji ana hiari ya kulikomboa, na mpaka siku ya kulikomboa yeye alikaa humo kama mpangaji, akamlipa mnunuzi kodi. Kodi hiyo ndiyo iliyokuwa riba yenyewe. Wengi hawakukomboa. Nayataja haya ya pwani kwa sababu mbili: kwamba tangu zamani kodi ya pango na riba ni ndugu wa karibu, na kwamba watawala wa Kiingereza walipokuja kutunga sheria za mikopo huku bara walikuwa wameyaona yaliyowapata wenye mashamba wa Unguja.

Neno la pili ni nyumba. Kwa Wakuria nyumba ni mama na watoto wake kabla ya kuwa kuta na paa. Mume mwenye wake watatu ana nyumba tatu, na kila nyumba ina mali yake. Binti akiolewa, ng'ombe wa mahari yake huingia katika nyumba ya mama yake, nao ndio watakaomwolea mke kaka yake wa tumbo moja. Baba hana ruhusa ya kuwahamisha hivi hivi waende nyumba nyingine. Akiwahamisha, ni deni, nalo laweza kudaiwa na watoto. Eva Tobisson, aliyechapisha kitabu juu ya jamaa za Wakuria mwaka 1986, ameyaeleza haya kwa urefu. Na mama asiyejaliwa mtoto wa kiume haiachi nyumba yake ife: kwa ng'ombe wake mwenyewe aweza kumwoa msichana, ambaye atazaa watoto kwa jina la nyumba ile. Ndoa hiyo ndiyo iitwayo nyumba ntobhu, nayo ingaliko Tarime na Serengeti mpaka leo. (Wangoreme, Waikoma, Wanata na Waisenye wana desturi zao wenyewe, nami sitaki kuwafunga wote kwa kamba moja.)

Basi nyumba hii ya Kikuria ni chombo cha fedha. Yapokea mali, yaiweka, yaikopesha nyumba jirani, na yadai. Ina vitabu vyake, ingawa vimeandikwa katika vichwa vya wazee. Dhamana yake si kipande cha ardhi. Ni dada atakayeolewa, na ndugu watakaoona haya asipolipa mmoja wao. Tena mfugaji mwenye busara haweki ng'ombe wake wote katika zizi moja: wengine huwaweka kwa marafiki na wakwe, mbali, ili ugonjwa au wevi wasimfilisi kwa usiku mmoja. Nayo hiyo ni akiba, tena ni mkopo, maana atunzaye ng'ombe wa mwenziwe hunywa maziwa.

Wajerumani walijenga boma lao Ikoma mwanzoni mwa karne ya 20. Waingereza wakafuata baada ya vita vya kwanza. Fedha taslimu zikaanza kuingia, kwa kodi ya serikali na kwa kazi. Katika miaka ya 1930 dhahabu ilichimbwa sehemu za Musoma na Kilimafedha, mlima ambao jina lake lajieleza, na ambao sasa umo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Kisha likaja jeshi. Vijana wa Mara, na hasa Wakuria, waliingia King's African Rifles kwa wingi, na baada ya uhuru wakaendelea kuingia jeshini na polisi hata ikawa ni kama kazi ya kurithi.

Askari aliyerudi na fedha zake alinunua nini? Alinunua ng'ombe. Wakubwa wa wakati ule walimcheka, wakasema Mwafrika hajui kuweka rasilimali. Lakini tumpigie hesabu kwa haki. Ng'ombe huzaa, huoa mke, mke huzaa mabinti, nao huleta ng'ombe. Chumba cha kupangisha katika mji wa Tarime wa mwaka 1946 kingempa nini, na nani angekuwa mpangaji wake?

Tena hata kama angetaka kujenga, nani angemkopesha? Sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji, iliyotumika Tanganyika tangu miaka ya 1920 mpaka karibu na uhuru, ilisema kwamba deni ambalo Mwafrika adaiwa na mtu asiye Mwafrika haliwezi kudaiwa mahakamani isipokuwa wakuu wa serikali wameliidhinisha. Ilielezwa kuwa ni ulinzi wa mnyonge, na mtu aliyejua habari za mashamba ya Unguja hawezi kuicheka hoja hiyo. Walakini ilikuwa ni kumkinga mtoto na mto kwa kumkataza maji. Kwa upande mwingine, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 iliiweka ardhi yote chini ya mkono wa Gavana. Mwafrika alikaa juu yake kwa desturi, bila hati, na asiye na hati hana cha kuweka rehani. Waliojenga majumba ya maduka na ya wapangaji Musoma walikuwa hasa Wahindi, kwa fedha za biashara na za jamaa zao. Wao pia, ukitazama vizuri, walijenga kwa ukoo. Ila ukoo wao ulikuwa na hati.

Uhuru ulipokuja, Serikali ililishika jambo la nyumba mapema. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962. Mwaka 1963 umilikaji wa ardhi wa milele ukafutwa, na kila mwenye hati akawa mpangaji wa Serikali kwa miaka iliyohesabiwa. Lakini kwa habari yetu tukio kubwa kuliko yote ni Azimio la Arusha, la tarehe 5 Februari 1967. Watu hukumbuka mabenki na viwanda. Husahau kwamba katika masharti ya uongozi, pamoja na kukatazwa hisa za makampuni na mishahara miwili, kiongozi alikatazwa kuwa na nyumba ya kupangisha. Machoni pa Azimio chumba cha kupangisha kilikuwa mlango wa unyonyaji: mwenye nyumba hula jasho la mpangaji naye hafanyi kazi.

Sina nia ya kulibishia Azimio hapa. Nataka tuone tu lilimgusa nani. Kiongozi, kwa maelezo yake, si waziri na mbunge peke yao. Ni pamoja na watumishi wa Serikali wa vyeo vya juu na vya kati. Katika wilaya kama Tarime na Serengeti hao ndio waliokuwa na mshahara wa kila mwezi, na mshahara wa kila mwezi ndio kitu pekee ambacho benki ya mjini ingekubali kukitazama. Yaani wale ambao wangeweza kukopeshwa wakakatazwa kujenga, na wale walioruhusiwa kujenga hawakuweza kukopeshwa. Azimio lilifafanua pia kwamba kiongozi ni mtu, au mtu na mkewe, au mwanamke na mumewe. Lilimtaja mke; halikumtaja mama wala ndugu. Katika nchi ambamo mali ni ya nyumba ya mama tangu zamani, si vigumu kufikiri jinsi vyumba sita vilivyoweza kusimama kwa jina la bibi kizee asiyejua kusoma, wala isiwe hila tupu, maana kwa desturi vilikuwa vyake kweli.

Mwezi wa Aprili 1971 Bunge lilipitisha sheria ya kutwaa majumba ya kupangisha yenye thamani ya shilingi 100,000 na zaidi, nayo yakawekwa mikononi mwa Msajili wa Majumba. Jengo lililopita miaka 10 tangu kujengwa halikulipiwa fidia, kwa hoja kwamba kodi zimekwisha kulirudishia gharama zake. Mkono ule ulishika zaidi katika miji mikubwa; huku kwetu nyumba za thamani ile zilikuwa chache mno. Lakini habari husafiri. Mtu mwenye fedha kidogo, aliyekuwa akisitasita kati ya zizi na matofali, alipata sababu nyingine ya kubaki na zizi. Ng'ombe hawana Msajili.

Benki ya Nyumba Tanzania ilifunguliwa mwaka 1973, ikichukua mahali pa kampuni ya Permanent Housing Finance. Nia yake ilikuwa njema: waajiri walitozwa asilimia 2 ya mishahara waliyolipa, ili kuwe na mfuko wa nyumba za wafanyakazi na wakulima. Mikopo mingi ikaenda mijini, hasa Dar es Salaam. Na katika miaka ile ile, kati ya 1973 na 1976, wananchi wa vijijini walikuwa wakihamishiwa vijiji vya ujamaa, na Mara haikuachwa. Mtu aliyeona nyumba yake ikibomolewa jana hana haraka ya kujenga ya saruji kesho. Vyama vya ushirika, vilivyokuwa vikiwakopesha wakulima wa pamba na kahawa, vilivunjwa mwaka 1976. Mpaka wa Kenya ukafungwa mwaka 1977, usifunguliwe hata mwaka 1983. Saruji na mabati vikawa vitu vya kibali. Benki yenyewe ilichoshwa na madeni yasiyolipwa na kodi za pango zisizofuata bei za soko, ikafungwa mwaka 1995. Kwa miaka kadha wa kadha baada ya hapo neno rehani, kwa maana ya mkopo wa nyumba, lilikuwa karibu kufa nchini.

Hata hivyo, mlango mmoja ulikuwa umefunguliwa. Mwezi wa Februari 1991 uamuzi uliofanywa Zanzibar na chama kilichotawala ulilegeza masharti ya uongozi, na mwanachama akaruhusiwa tena kupangisha nyumba. Kuanzia hapo ndipo milango ile iliyopangwa mstari mmoja ilipoanza kuongezeka Tarime, Sirari na Mugumu. Sheria zikafuata pole pole. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji zilitungwa mwaka 1999, zikaanza kutumika mwaka 2001, nazo zilitambua haki ya kimila na kuiruhusu iandikwe katika hati. Mwaka 2008 zilikuja sheria mbili kwa pamoja: moja ya mikopo ya rehani, na moja ya kuwezesha mtu kumiliki sehemu tu ya jengo, ghorofa moja au chumba kimoja, kwa hati yake peke yake. Mwaka 2010 mabenki yaliunda kampuni ya kuyapatia fedha za muda mrefu kwa ajili ya mikopo hiyo. Pamoja na yote hayo, mikopo ya nyumba ya nchi nzima imebaki, mwaka baada ya mwaka, chini ya asilimia 1 ya pato la taifa.

Kwa nini? Tufanye hesabu, maana hapa maneno hayatoshi. Tuseme mtu ataka kujenga nyumba ya vyumba 8 kwa shilingi 20,000,000, na kila chumba kitapangishwa kwa shilingi 30,000 kwa mwezi. Vyumba vyote vikijaa, bila hata kimoja kukaa wazi, atapata shilingi 240,000. Benki ikimpa fedha zote hizo kwa riba ya asilimia 17, na katika miaka ya karibuni riba za mikopo hii zimekuwa baina ya asilimia 15 na 19, basi riba ya mwezi wa kwanza peke yake ni shilingi 283,333. Kodi za wapangaji wote hazifikii riba, seuze deni. Akitaka kulimaliza deni kwa miaka 10 atalipa yapata shilingi 347,600 kila mwezi. Atafute zaidi ya shilingi 107,000 mfukoni mwake, kila mwezi, kwa nyumba ambayo alidhani itamlisha. Utaratibu ule wa Marekani, wa wapangaji kulipa deni, hauwezi kusimama juu ya hesabu hii. Huyu mtu wa Tarime asiyekwenda benki si mjinga. Amekwisha piga hesabu.

Afanyaje basi? Hujenga chumba kwa chumba. Huuza ng'ombe wawili watatu mnadani, akamwaga msingi; hungoja. Mwana aliye jeshini huleta za mabati. Kiinua mgongo cha mstaafu humaliza kuta. Chama cha kuweka na kukopa, au kikundi cha akina mama wanaokopeshana kila juma, hutoa za milango. Vyumba viwili vikiisha hupangishwa mara moja, na kodi yake hujenga cha tatu. Na hapa pana jambo ambalo wataalamu wa fedha hawalitazami vya kutosha. Kwa desturi ya nchi yetu mwenye nyumba hudai kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kabla mpangaji hajaingia. Malalamiko juu ya desturi hiyo ni mengi, na ya haki. Mwalimu mpya aliyepangiwa shule ya mbali hana kodi ya miezi sita. Lakini tukiitazama kama kanuni ya fedha, ni mkopo usio na riba ambao mpangaji humpa mwenye nyumba. Mara nyingine mpangaji huingia katika chumba kisicho na sakafu wala dari, akakimaliza kwa fedha zake, na gharama zikakatwa katika kodi. Mwenye mali ndogo ndiye amkopeshaye mwenye mali kubwa. Sijui benki yoyote yenye masharti mepesi kama mwalimu yule.

Nyumba ijengwayo hivyo huchukua miaka 10, pengine 15, nayo huanza kuchakaa upande mmoja kabla upande wa pili haujaezekwa. Huo ndio upungufu wake, wala si mdogo. Miji hukua kwa viraka, na mwenye haraka hukosa nafasi. Ila ina sifa moja: siku mwenyewe akifariki, hakuna wa kuja na karatasi kuidai.

Sasa yanipasa nieleze la Nyamongo, kwa kuwa huko ndiko uhusiano wa nyumba na fedha ulipogeuka miguu juu, kichwa chini. Mgodi mkubwa wa dhahabu wa North Mara ulianza kuzalisha mwaka 2002, katika nchi ambamo wachimbaji wadogo walikuwa wamechimba kabla yake. Umiliki ulipita katika mikono kadhaa: Placer Dome, kisha Barrick tangu mwaka 2006, kisha kampuni yake iliyoitwa baadaye Acacia, mpaka mwaka 2019 Barrick ilipoushika tena wenyewe, na Serikali ikapewa hisa asilimia 16. Kila mgodi ulipotanuka, vijiji kama Nyangoto, Kewanja na Genkuru vilitakiwa kutoa ardhi, na kila ardhi ilipotolewa palikuwa na fidia.

Kanuni za fidia za mwaka 2001 huhesabu thamani ya ardhi, ya majengo na ya mimea. Juu yake huongeza posho ya usumbufu, ya usafiri, na ya makazi. Hiyo ya makazi hupimwa kwa kodi ya pango: kodi ya mwezi mmoja ya nyumba iliyotwaliwa, mara 36. Watu walizielewa kanuni hizi haraka kuliko waliozitunga walivyotazamia. Likazaliwa neno ambalo halimo katika kamusi zetu kwa maana hiyo: tegesha. Asili yake ni kutega, kama mtu ategavyo mtego wa kanga; na mnyambuliko wake wa kusababisha waonyesha kwamba kuna mwingine anayefanywa anase. Nyumba ya tegesha hujengwa mahali ambapo mgodi watazamiwa kufika. Kuta zake ni nyembamba, na vyumba vyake vingi kuliko watu. Ilielezwa tena na tena kwamba watu wa mbali wenye fedha walishirikiana na wenyeji wenye ardhi: huyu alitoa mabati, yule alitoa uwanja, na fidia ingegawanywa.

Mgodi uliiita tegesha udanganyifu, na Serikali ikaonya. Mimi naona ni zaidi ya hilo. Kwa mara ya kwanza katika historia ya wilaya zile alionekana mtu mwenye fedha aliyekuwa tayari kuikubali nyumba ya kijijini, isiyo na hati, kuwa ni mali yenye bei. Benki haikufanya hivyo, wala Benki ya Nyumba. Mgodi ulilazimishwa kufanya hivyo na kanuni. Watu wakajenga kwa ajili ya mnunuzi huyo mmoja, kama vile wakulima wote wa nchi wapandavyo pamba kiwanda kikifunguliwa. Tofauti ni kwamba nyumba hiyo haikukusudiwa kukaliwa. Mnunuzi wake ainunua ili aibomoe. Na mitego mingi haikunasa. Uthamini ulikawia, mipaka ya mgodi ikabadilika, madai mengine yakakaa miaka mingi kabla ya malipo kufanywa tangu mwaka 2020. Waliokuwa wameuza ng'ombe au kukopa kwa riba ili kutega walibaki na vyumba vitupu mlimani, mahali pasipo na mpangaji, kwa kuwa hakuna aliyefikiri mpangaji angehitajika.

Narudi kwenye hati, kwa kuwa ndiko Serikali inakoelekea. Tangu mwaka 2004, mpango wa kurasimisha mali za wanyonge, uitwao MKURABITA, umefundisha kwamba mali isiyo na hati ni mali iliyokufa, na kwamba hati itaifufua kwa kuifanya dhamana. Vijiji vimepimwa, hati za kimila zimetolewa. Baadhi ya mabenki huzipokea. Mengi husitasita, maana siku ya mnada shamba la ukoo wa Wanchari au wa Wairege si rahisi kumpata mnunuzi kutoka nje, naye akipatikana si rahisi kulala usingizi. Wenye mabenki husema huo ni ukaidi. Kwa upande wa ukoo, kukataa kununua shamba la ndugu lililonadiwa ndiyo namna ya mwisho ya kumdhamini.

Kuna jambo jingine dogo katika sheria hizi, ambalo naona litaleta mashauri mengi kuliko yote. Sheria ya Ardhi hairuhusu nyumba ya ndoa kuwekwa rehani pasipo ridhaa ya mwenzi, na ni kinga njema. Wanawake wengi wameokolewa nayo. Lakini Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yajua ndoa ya mwanamume na mwanamke tu. Tuseme mjane wa Kikuria, mwenye nyumba ya vyumba vinane Mugumu na hati mkononi, aende kuomba mkopo wa kuongeza ghorofa. Katika fomu, mahali pa mume huandikwa "marehemu". Mahali pa mwenzi mwingine hapapo. Lakini katika uwanja wake, nyuma ya vyumba vya wapangaji, anakaa mwanamke ambaye mjane yule alimwolea kwa ng'ombe, kwa nyumba ntobhu, na wana wa mwanamke huyo ndio wenye nyumba ile kwa desturi, tangu kabla ya matofali. Yeye hakuulizwa, wala hakutia sahihi. Afisa wa mkopo hakufanya kosa lolote. Deni lisipolipwa, na dalali akaja kubandika tangazo mlangoni, mwanamke huyo atakwenda kwa hakimu akiwa nani?